Gari ya Aimé

Uvira jua huzama mapema, kwa sababu milima imesimama upande wa magharibi. Saa kumi na moja kivuli kimeshafika ziwani, na watu wanaanza kuwasha taa wakati ng'ambo ya Burundi bado wanaota jua.

Saa hiyo Venant alikuwa bandarini Kalundu, na betri mpya begani. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kawaida kabisa: kupokea gari iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, kuitia betri na mafuta, na kuiendesha mpaka Nyakabere, kule kwenye uwanda wa Ruzizi. Basi.

Alikuwa mekanisiye, fundi wa magari wa mtaa wa Nyamianda, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono mipana na maneno machache. Miaka kumi na moja alifanya kazi Dubai, katika karakana ya magari ya matajiri, yale mafupi ya mbio yenye viti viwili. Aliporudi nyumbani watu walipenda kumuuliza: zile gari zikoje? Aliwaambia kweli, na kweli haikuwafurahisha. Unaingia kama mtu anayeteremka shimoni, matako karibu na lami, magoti juu. Moteri iko nyuma ya kisogo chako, inakupigia kelele na kukuchoma mgongo. Ukitaka kuona nyuma, huoni kitu. Kanyagio la ambreyaji, yaani klachi, ni gumu. Foleni moja tu na mguu wa kushoto unatetemeka. Kila jiwe linagonga tumbo la gari. Ukipata barabara wazi, una dakika moja, labda mbili, ambazo unasahau hata jina lako. Halafu taa nyekundu inawaka mbele yako, na unarudi karakana.

"Wenyewe hawaziendeshe," alikuwa anasema. "Wanazichunga kama muntu mugonjwa."

Gari iliposhushwa, watu wa bandari waliacha mizigo yao, wakasogea. Ilikuwa nyekundu, pana, fupi kama mnyama aliyelala tumbo. Mwenyewe, mzee Ngendakumana, alisimama mbali nayo. Alikuwa mfugaji na mkulima wa mpunga, mwenye koti jeusi la kwenda misa, na hakuigusa hata kwa kidole.

Venant alimwuliza: "Mzee, hii gari mutaifanyia nini Nyakabere?"

"Haiko yangu. Iko ya mutoto wangu, Aimé."

"Na yeye iko wapi?"

Mzee aliangalia maji. "Tulimuzika mwaka jana."

Akaeleza palepale, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Aimé alikuwa na miaka ishirini. Alianguka na pikipiki katika barabara ya Kamanyola, akafa kabla ya kufika lopitali. Tangu utoto alikuwa na picha ya gari hii juu ya kitanda chake. Aliijua kuliko alivyojua katekisimu. Miezi mitatu baada ya mazishi, dada yake Divine, mtoto wa miaka kumi na saba, alilala na hakuamka kitandani tena. Hakula. Dokta hakuona ugonjwa. Padri aliomba. Na kila jioni, saa ile ile aliyoanguka Aimé, mdomo wa Divine ulifunguka na sauti ya kaka yake ikatoka ndani.

"Inasema nini?" Venant aliuliza.

"Inasema: Baba, gari yangu iko wapi?"

Mupfumu mmoja, mganga wa Kamanyola, ndiye aliyewaambia la kufanya. Mpe anachodai. Kila jioni gari itoke, iende mpaka barabara kubwa, irudi. Mzee aliuza ng'ombe, akaandikia watu wa Dubai, akangoja.

Venant hakuwa mtu wa mambo hayo. Lakini alimwona mzee, akaona lile koti la misa. Alifunga betri. Moteri iliwaka mara ya kwanza, na vyuma vya ghala vikatetemeka.

"Panda, Mzee. Twende."

"Hapana." Ngendakumana alirudi nyuma hatua moja. "Vile viti viko viwili tu. Kimoja ni cha shofere. Kile kingine kiko na mwenyewe."

Akaenda kupanda kamioneti yake, pikapu ya kubebea mpunga.

*

Mjini hakukuwa na tatizo. Watoto walikimbia kando ya gari wakipiga kelele, wanawake wa soko walisimama, pikipiki zilijipanga mbele na nyuma kama harusi ya mkubwa fulani. Venant aliendesha polepole, akipinda kila shimo, akisikia chini yake mawe yakikwaruza. Mgongo ulikuwa unachomeka. Mguu wa kushoto ulianza kuchoka.

Walipita Kavimvira. Nyumba zikapungua. Pikipiki zikarudi mjini moja moja. Mbele yake kulibaki taa mbili nyekundu za kamioneti ya mzee, halafu nazo zikapotea kwenye vumbi.

Mashamba ya mpunga pande zote. Vyura. Giza likishuka.

Ting.

Taa ndogo iliwaka kwenye dashibodi. Mkanda wa kiti cha pili.

Ting... ting... ting...

Venant aliijua ile kengele. Inalia mtu akikaa bila kufunga mkanda. Kiti kinahisi uzito. Alijiambia ni waya, ni maji ya ziwa, ni safari ndefu ya boti. Alinyoosha mkono, bila kugeuka, akavuta mkanda wa kuume na kuufunga juu ya kiti kitupu.

Mkanda haukufika moja kwa moja. Ulizunguka kitu.

Kengele ikanyamaza.

Halafu harufu. Si petroli, si ngozi ya viti. Udongo. Udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi. Gari ilikuwa imeinama kidogo upande wa kuume. Aliisikia kwenye usukani, ile volani, ikimvuta kando kila alipoilegeza.

Hakugeuza kichwa. Alishika volani kwa mikono miwili, akaangalia barabara, akaomba Salamu Maria bila kufungua mdomo.

Na pale kando yake, karibu sana, sauti ya kijana ikasema:

"Moteri iko wapi?"

Alijibu kabla ya kufikiri, kama alivyowajibu wateja miaka kumi na moja.

"Nyuma. Iko nyuma yako."

"Ah."

Kisha akasikia kucha. Taratibu. Zikipapasa ngozi nyuma ya kiti, zikitafuta ukuta uko wapi, na nyuma ya ukuta kuna nini.

Mpaka Nyakabere.

*

Mlangoni mwa nyumba ya Ngendakumana alisimama msichana mwembamba, ameshika fremu kwa mikono miwili. Mama yake, Concilie, ambaye wote walimwita Mama Aimé, alikuwa amepiga magoti nyuma yake, analia na kucheka pamoja.

"Amesimama," alisema. "Divine amesimama! Ameomba chakula!"

Mzee alishuka kwenye kamioneti. Hakumwendea mtoto kwanza. Alimwendea Venant, ambaye alikuwa bado ameketi ndani ya gari, hawezi kuachia volani.

"Alifurahi?" mzee alinong'ona.

Venant aliangalia kiti cha pili. Kilikuwa kitupu. Mkanda ulikuwa bado umefungwa.

"Alifurahi, Mzee."

Alitaka kurudi Uvira kesho yake. Lakini nani mwingine angeendesha? Mama Aimé alimshika mkono, hakuuachia. Akabaki. Wakampa chumba cha Aimé.

Jioni ya pili, baada ya kurudi kutoka barabara kubwa, aliketi kitandani na kuwasha taa. Picha ilikuwa ukutani, imekunjamana, imebanduka pembeni. Gari nyekundu. Aimé alikuwa ameiandika kote kwa bic ya bluu, kwa herufi ndogo nzuri za mtoto wa shule: uzito, spidi, idadi ya silinda, na pembeni: *Aimé, miaka 9*. Na nyuma ya viti alichora mshale mkubwa, akaandika: *Moteri iko hapa, si mbele kama za wengine.*

Venant alisoma mara mbili.

Aimé alijua.

Alijua tangu akiwa na miaka tisa.

Basi ni nani aliyeuliza?

*

Alipaswa kusema siku ile ile. Hakusema. Divine alikuwa anakula wali na samaki wa kukaanga, mashavu yake yanajaa, anasuka nywele za mama yake uani. Nani angeanza kusema?

Kila jioni aliendesha. Kila jioni kiti cha pili kiliinama. Kitu kile hakikusema mengi. Kiliuliza majina. "Hiki ni nini?" Vitesi, zile gia. "Na hiki?" Breki. "Kinafanya je?" Kilikuwa mwanafunzi mzuri. Hakikuuliza jambo mara mbili.

Katika juma la tatu Divine alikuja uani, akanyoosha mkono.

"Kaka Venant, nipe ufunguo."

"Weye unajua kuendesha?"

Hakushusha mkono. Mzee, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alitikisa kichwa kwamba ampe.

Venant alikuwa amefundisha watu wazima gari za namna ile. Kila mmoja anaizima mara tano, sita. Ambreyaji inanuka, gari inarukaruka kama mbuzi. Divine aliketi, akavuta kiti, akatoka uani kama maji yanavyotoka kwenye chupa. Hakuangalia vitesi hata mara moja. Alipopita karibu, Venant alimwona kupitia kioo. Alikuwa amegeuza uso upande wa kuume. Alikuwa anaongea, halafu ananyamaza, halafu anacheka.

Alirudi giza limeshafunga. Moteri ililia *tik, tik, tik* ikipoa.

"Umeiona je?" Venant alimwuliza.

Msichana alipitisha kiganja juu ya kifuniko cha nyuma, pale chuma kilipokuwa cha moto kiasi cha kuunguza. Hakuondoa mkono.

"Nzuri," alisema. "Sasa tunajua yote."

Tunajua.

*

Gari zile hazidumu. Venant alikuwa amesema tangu mwanzo. Kwanza ilikuwa bomba la maji. Siku mbili gari haikutoka, na siku mbili Divine alilala na homa. Halafu ilikuwa pampu ya petroli: siku tisa kungoja kipuri kipitie Bujumbura, siku tisa mtoto hakufungua macho. Gari ikitengenezwa, Divine anaamka anaomba chai. Ng'ombe wa mzee walipungua. Alikuwa anasimama asubuhi mbele ya zizi, akiangalia nafasi zilizobaki wazi, kisha anaenda kupiga simu Dubai.

Mwishowe ambreyaji ikaungua yote. Sahani ile inayounganisha moteri na vitesi ilitoka nyeusi, imekatikakatika. Gari ilisimama palepale uani, na Divine akaanguka kwenye ngazi ya mlango akiwa na bakuli mkononi.

Jioni ile Venant alimfuata mzee nyuma ya zizi.

"Mzee, inafaa niwaambie. Ile kitu ndani ya gari... haiko Aimé."

Ngendakumana hakugeuka. Alikuwa anamkwaruza ndama shingoni.

"Siku ya kwanza iliniuliza moteri iko wapi," Venant aliendelea. "Aimé angeuliza vile?"

"Najua," mzee alisema.

"Munajua je?"

"Watoto wangu wote wananiita Data, ni baba kwa luga yetu. Tangu wadogo, hata wakisema Kiswahili. Hawajaniita kingine hata siku moja." Ndama alimlamba mkono. "Ile inaniita Baba. Nilijua usiku wa kwanza, mbele mupfumu hajasema neno."

Venant alisogea hatua moja.

"Sasa juu ya nini munaipa?"

Hapo ndipo mzee alipogeuka. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu.

"Juu ikipata, Divine anakula. Umemuona akikula? Minye nilishazika mumoja, Venant. Niambie weye ungefanya nini. Niambie."

Asubuhi Venant alimwandikia namba ya sahani. Kipuri kiliagizwa.

*

Kilifika wiki mbili baadaye, ndani ya sanduku dogo la mbao. Siku ile mvua ilinyesha toka mchana. Ua uligeuka matope. Venant alifunga turubai juu ya gari, akaipandisha juu ya vigogo vinne, akalala chali chini yake na tochi mdomoni. Sahani mpya ilikuwa kifuani mwake, imefungwa kwa karatasi ya mafuta. Kazi ya saa tatu, nne. Kesho Divine angeamka.

Jioni ilikuwa inaingia. Mvua ilipiga turubai.

Halafu miguu ikasimama karibu na kichwa chake.

Kambambili za bluu, zile za Divine za kuogea. Vidole vyembamba, vyeupe kwa vumbi, bila tone la tope.

"Kaka Venant."

Alitoa tochi mdomoni. "Divine? Umetoka namna gani? Rudi ndani, kuna mvua."

"Usitoke. Sikiliza tu, sina nguvu ya kurudia."

Sauti ilikuwa yake. Nyembamba, imechoka, ya mtoto aliyelala wiki mbili.

"Nikiwa mugonjwa, niko peke yangu," ilisema. "Nikipona, tuko wawili. Unasikia? Kile mnachokiona kinakula, kinacheka, haiko minye. Minye niko chini kabisa, kama muntu chini ya maji. Ninawaona, siwezi kuita."

Venant alifunga macho.

"Kila ukiitengeneza, inanisukuma chini zaidi. Mara hii sitarudi. Baba hataki kusikia. Mama anaona nakula, anashukuru Mungu. Nimebaki na weye tu."

"Unataka nifanye je?"

"Usiitengeneze."

"Divine... bila gari utakufa."

Miguu haikusogea. Mvua. Vyura mbali, kwenye mpunga.

"Nitakufa minye," sauti ikasema. "Minye, peke yangu. Nisaidie, kaka."

Alipojivuta kutoka chini, uani hakukuwa na mtu.

Aliketi juu ya sanduku la mbao mpaka turubai likaacha kulia. Alimfikiria yule msichana aliyecheka na kiti kitupu. Alifikiria kiganja juu ya chuma cha moto. Kabla ya mapambazuko alichukua ile sahani, akatembea kwenye tope mpaka mto Ruzizi. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai ya maziwa. Aliitupa katikati. Haikutoa hata sauti.

Asubuhi alimwambia mzee kwamba watu wa Dubai wamekosea, wametuma ya gari nyingine, itabidi kuagiza upya.

Ngendakumana aliketi chini, palepale kwenye matope, na lile koti lake jeusi.

*

Divine alikufa siku ya kumi na moja.

Alikufa saa sita ya mchana, na jua kali, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake. Sauti ya kaka yake haikutoka. Hakuna sauti iliyotoka. Walimzika kando ya Aimé, na padri alisema mengi juu ya usingizi wa wenye haki. Venant alichimba pamoja na wanaume wengine mpaka viganja vikachubuka, akajiambia: amekwenda peke yake. Angalau amekwenda peke yake. Neno hilo ndilo lililomsimamisha kwa miguu siku zile.

Alirudi Nyakabere siku ya kuondoa kilio. Watu walikuwa wengi uani, wakiimba nyimbo za kanisa. Gari ilikuwa bado juu ya vigogo vyake chini ya turubai, na hakuna aliyeketi upande ule. Mzee alimsalimu kwa mikono miwili, hakumwuliza lolote juu ya kipuri, na hilo lilimwumiza kuliko kuulizwa.

Alimkuta Mama Aimé chumbani, amekaa juu ya mkeka, miguu imenyooshwa. Alitaka kumfariji. Alitaka pia, pengine, kujitua mzigo kidogo, hata nusu yake.

"Mama Aimé," alisema, "mutoto alikuwa na roho ngumu. Siku ile ya mvua, ile siku kipuri kilifika, alitoka mpaka kwenye gari. Tuliongea. Alikuwa amekubali. Hakuwa na woga."

Concilie aliinua uso. Alimwangalia muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusikia vizuri.

"Siku gani?"

"Siku ya mvua kubwa. Jioni."

"Jioni ile nilikuwa namuogesha." Alisema polepole, bila hasira, kama anayemsahihisha mtoto. "Minye na dada yangu Ninahazwe. Tulifunga mlango juu ya baridi. Kumugeuza tu, ilikuwa kazi ya watu wawili. Hata mukono hakuweza kuinua, Venant. Na sauti, ilikuwa imeshaisha tangu Jumapili. Wiki yote ile hakusema neno."

Nje walianza wimbo mwingine.

Venant aliikumbuka ile sauti ya siku ya mvua: *Baba hataki kusikia.* Baba, si Data. Alitafuta ukuta kwa mkono.

"Basi labda nimekosea siku, Mama Aimé," alisema.

"Labda," alijibu mama, na kuinamisha kichwa.

Hakukosea siku.